Amepwelewa, sio amependelewa: kisa cha sauti ya binti yangu Zuhura

Wakuu wa daftari hili la kilabu, salamu kwenu nyote, mnaoswali na mnaosali.

Nianze kwa kusema kwamba mie hakuna kitu kinachoweza kunishangaza. Nimetoka kusini, upande wa Masasi, kwa miguu, shuka moja begani. Nimevuka Rufiji imejaa, nimeshika mkia wa ng'ombe wa mtu nisiyemjua. Nimefika mji huu sijui hata koleo linashikwa upande gani. Leo hii, kuanzia Keko mpaka Mtoni, ukiona koroboi isiyovuja, jua nimeitengeneza mie. Nina nyumba ya vyumba sita hapa Chang'ombe, bati juu, sio makuti. Nina baiskeli yenye dainamo.

Sasa mtu kama huyo mtamshangaza kwa nini?

Ninayoandika ni kweli tupu. Mkikuta uongo, ng'oeni ukurasa mkafungie karanga.

Tena najua humu kilabuni kuna makarani na walimu. Mie nimeishia darasa la pili. Nawaomba msinisahihishe kwa wino mwekundu kabla hamjamaliza kusoma.

Sababu ya kushika penseli ni hii. Juma lililopita Karani wa Kurasini aliandika humu kwamba mwanawe wa miaka mitano sauti imemkauka mwezi wa pili sasa, akauliza nani anajua dawa. Mkamwandikia tangawizi. Mkamwandikia limau. Mmoja kaandika mafuta ya taa na sukari, kijiko kimoja asubuhi.

Mafuta ya taa, wakuu! Mie natengeneza koroboi, najua mafuta ya taa yanaingia wapi. Si kooni mwa mtoto.

Karani, usimpe. Soma kwanza yaliyonipata.

Nina binti anaitwa Zuhura, kitinda mimba. Kaka zake wawili wameshaoa, na huyu nilimpata mvi zimeshaanza. Ana miaka minne anakwenda mitano. Nikisema nampenda mtasema kila mtu anapenda wake. Basi niseme hivi tu: mkasi wangu wa bati hagusi mtu, lakini yeye anakatia nguo za mwanasesere wake nami natazama pembeni.

Kazi yangu naifanyia barazani kwangu. Fuawe, nyundo, moto wa kulehemu, madebe matupu mpaka dirishani. Nagonga toka jua linachomoza mpaka adhuhuri, nakula, nagonga tena. Mwaka wa ishirini huu. Zuhura anacheza kwenye kizingiti cha mlango, anaokota vipande vya bati anapika navyo wali wa mchanga.

Mwaka jana, baada ya masika, alishikwa na mafua kidogo. Yakapona. Sauti haikurudi.

Ikawa inakwaruza kama mlango wenye bawaba kavu. Asubuhi ina nafuu, ikifika alasiri imekuwa ya mzee wa miaka sabini. Akiniita "Baba!" neno linaanza kwa sauti na kumalizikia kwa upepo.

Mie, nawaambieni kweli, sikuona ugonjwa. Niliipenda. Nilisema hii ndiyo sauti ya ukoo wetu, babu yangu alikuwa akikohoa kijiji kizima kinanyamaza.

Sasa hapo ndipo akaja mama mkwe.

Mama mkwe wangu anakaa Pugu. Alikuja na kapu la mihogo kumwona mjukuu. Mnajua adabu za mkwe, na kwetu kusini tunazishika kwelikweli. Mie simtazami usoni. Yeye anakaa ndani nyuma ya pazia, mie nakaa nje, maneno yanapita katikati.

Siku ya pili akasema kutoka ndani. Mie nikasikia hivi: "Baba Zuhura, mtoto huyu amependelewa na sauti."

Nikajibu kwa furaha: "Alhamdulillahi, mama. Kwetu ndivyo tulivyo wote."

Ndani kukawa kimya.

Nilidhani ni kimya cha heshima.

Wakuu, nikaanza kutangaza. Kila aliyekuja kununua birika nikamwambia, hata mkwe wangu, mwanamke asiyesifu ovyo, amekiri kwamba binti yangu amependelewa na sauti. Nikamsimamisha Zuhura juu ya debe lililopinduliwa. "Haya mwanangu, waite wateja." Naye akaita, mishipa ya shingo imetoka, "Koroboooi! Birikaaa!" Wapita njia wakacheka. Mmoja akaniuliza, "Fundi, umeajiri mzee gani huyo?" Nikacheka nao.

Siku nne nilimfanyia hivyo. Nayaandika haya kwa aibu, na mie si mtu wa aibu.

*

Naendelea. Jana mlinzi alifunga kilabu kabla sijamaliza kisa.

Naona Mwalimu ameandika pembeni: "Fundi, tumeshaiona nyumba ya vyumba sita, sasa tupe ugonjwa." Mwalimu, subira. Hata wewe hukufundisha A na Be siku moja.

Siku ya tano mke wangu akatoka ndani, akaja mbele ya fuawe langu, akaishika nyundo mkononi mwangu. Mke wangu ni mtu mpole. Siku hiyo hakuwa mpole.

"Mama hakusema amependelewa. Alisema a-me-pwe-le-wa. Amepwelewa na sauti! Sauti imekupwa kama maji ya pwani, imemwacha mkavu. Mtoto anaumwa, wewe unamsimamisha juu ya debe!"

Nikasema, "Mama yako hatamki vizuri."

Akaniondolea nyundo mkononi.

Mie nikajitetea moyoni. Nikasema haya ni maneno ya Waswahili wa pwani, sie watu wa bara ya kusini tutayajulia wapi. Kupwelewa! Kwetu mtu anakauka sauti, basi. Lakini nikamwita Zuhura, nikamtazama vizuri, nikaona kweli, kila neno analivuta kama ndoo kutoka kisima kirefu.

Nikauliza dawa. Mke wangu akasema mama anadai ni kimeo.

Kwa wasiojua, kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Wazee wanasema kikirefuka kinamgusa mtoto kooni, anakohoa, anapoteza sauti, na dawa yake ni kukikata. Mama mkwe alimjua fundi wa kukata, anakaa mbele ya Pugu, ana kisu chake kidogo kilichopinda. Amekata watoto wengi, alisema, hata yeye mwenyewe mama mkwe alikatwa utotoni na mume wake.

Hapana, nimeandika vibaya. Alikatwa utotoni, na mume wake naye alikatwa kwao utotoni.

Mie nikatanua kifua. Nikasema aitwe huyo mkataji, aitwe upesi, na asije kwa miguu, nampelekea nauli. Nikatoa na kishika mkono juu yake. Siku ikapangwa, Alhamisi asubuhi.

Sasa nawaombeni mshike hapa, maana hapa ndipo penye kisa.

Jumatano alasiri mke wangu alikuwa uani anapuliza moto, mgongo ameupa kwangu. Mie nimeketi kwenye kibao namenya muwa. Niliona mabega yake yakitikisika kidogo, nikajua anazungumza. Wanawake wakiwa jikoni wanazungumza. Nikamjibu kama ninavyomjibuga siku zote:

"Vizuri, vizuri. Chumvi tu usizidishe."

Hakugeuka.

Baadaye sana ndipo nikaja kuambiwa alichosema. Alisema kwa sauti ya chini, mama yake asisikie ndani. Alisema: "Baba Zuhura, nakuomba, usikubali. Mdogo wangu alikatwa, damu ilimtoka siku mbili, na mpaka leo akinywa maji yanatokea puani. Mimi siwezi kumkatalia mama. Sema wewe neno moja tu, atakusikiliza."

Nami nikamwambia chumvi usizidishe.

Kila nikikumbuka, wakuu, nyundo inakuwa nzito.

Alhamisi asubuhi nimetoka kuswali, nakuta mkataji ameshafika. Mzee mwembamba, kanzu safi, kifurushi chake cha kaniki mapajani. Mama mkwe ameshatandika mkeka. Mtoto hayupo. Mama yake hayupo.

Jirani yangu, bibi mmoja muuza vitumbua, akanyoosha mkono kuelekea barabarani, akafanya ishara ya mtoto mgongoni. Huko ndiko iliko dispensari.

Nilipanda baiskeli nimevimba. Mgeni kaketi, mkwe kaketi, mke kaondoka na mtoto bila kuaga! Njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia. Nilitunga mazuri sana, yote yamepotea.

Pale dispensari mabenchi yamejaa, kina mama na watoto, wazee na vidonda vyao. Dresa wa pale, yule anayetibu na kufunga vidonda, ni mtu wa bara, mzee, miwani yake upande mmoja imeshikwa kwa waya. Alikuwa ameshammulika Zuhura kooni kwa tochi. Sasa amempakata, na Zuhura anamsimulia kitu, polepole, kichwa kimeinama, kamshika kidole.

Mie mlangoni niliona midomo inacheza tu.

"Anasemaje huyo?" nikauliza.

Zuhura akageuka. Aliponiona akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda, mishipa ikatoka shingoni, akapaza ile sauti ya bawaba:

"BABA! NASEMA MWANASESERE WANGU NAYE ANAUMWA!"

Benchi zima likaruka.

Dresa akamtazama mtoto. Akanitazama mie. Akamtazama mke wangu, mke wangu akainamisha macho.

"Binti," akamuuliza, "mbona mimi uliniambia taratibu?"

Zuhura akamjibu kitu. Mie sikukipata. Mke wangu akaniambia baadaye kwamba alijibu: "Wewe unasikia."

Basi dresa akasimama. Akaniambia, "Fundi, nitazamie ile picha ukutani, nisomee imeandikwa nini." Ilikuwa picha ya mbu na maji machafu. Nikageuka, maana nasoma, nikaanza kusoma kwa sauti, herufi moja moja. Nikamaliza. Nikangoja anisifu.

Nikageuka. Benchi zima linacheka. Akina mama wamejifunika khanga midomoni, mzee mwenye kidonda anapiga paja. Mke wangu peke yake hacheki.

"Mnacheka nini? Nimekosea kusoma?"

Dresa akanisogelea, akasema akinitazama usoni: "Umesoma vizuri. Lakini nilikuwa nyuma yako, hatua tatu, nikakuambia, Fundi, birika zako zinavuja. Nikakuambia, koroboi zako zinanuka. Nikakuambia, kuna fundi wa Keko anakushinda. Hukugeuka."

Wakuu, mnanijua. Kuna mtu aliwahi kusema birika langu linavuja akabaki na kofia kichwani?

Nikasimama pale kama debe tupu.

"Huyu mtoto hana kimeo kirefu," dresa akasema. "Koo lake safi, homa hana, anapumua vizuri. Nionyeshe kiganja chako."

Nikamwonyesha.

"Hii nini?"

"Sugu."

"Imetoka wapi?"

"Nyundo."

"Basi kooni mna nyuzi mbili za sauti, laini kuliko ngozi ya yai. Zikigongana kwa nguvu kila siku nazo zinavimba, zinaota kisugu. Mkono wako umeota sugu kwa kugonga bati. Koo la mwanao linaota sugu kwa kukuita wewe."

Nikakifumba kiganja.

Nilimchukua Zuhura kutoka kwake, nikamkalisha begani, na nikatoka nje nikasimame kidogo penye mwarobaini, kwa sababu ya vumbi. Mle ndani mlikuwa na vumbi, macho yaliniwasha.

*

Naendelea tena. Naona Karani wa Kurasini ameuliza hapo juu, "Dresa alisema afanyeje?" Karani, ndiyo nakuja huko. Nayaandika kama nilivyoyashika, na siku hiyo nilikuwa namtazama midomo kwelikweli.

Niliporudi ndani alisema koo la mtoto lipumzike. Kulipumzisha hakuna maana ya kumfunga mdomo, mtoto hafungiki. Azungumze taratibu, kama anayembembeleza mwanasesere alale. Hata kunong'ona alikataza. Mie nilidhani kunong'ona ndiyo dawa, kumbe akasema kunakaza koo nako.

Maji anywe kidogo kidogo mchana kutwa. Asikae kwenye moshi, na hapo alinitazama mie na moto wangu wa kulehemu. Akiwa anajikwangua koo, "hhm, hhm", asikemewe, apewe maji. Asali kijiko kidogo inaliwaza koo la mtoto wa umri wake, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe kabisa. Mafuta ya taa, pilipili, kusugua koo kwa kidole, vyote aliviita kwa jina ambalo siliandiki humu.

Halafu akanishika mkono, akasema hili usilisahau. Mtoto akikauka sauti huku anavuta pumzi kwa shida, kifua kinaingia ndani, au koo linalia anapovuta hewa, au ana homa kali, au mate yanamtoka hawezi kumeza, au amepaliwa na kitu, hapo hungoji asali. Siku ileile, saa ileile, hospitali.

Na kama hana hayo yote lakini majuma matatu yamepita hakuna nafuu, nirudi, atanipa barua kwenda hospitali kubwa, kuna daktari mwenye kioo cha kutazamia kooni.

Karani, wewe wako ni mwezi wa pili. Kesho asubuhi, usingoje kumaliza ukurasa huu.

Tukarudi nyumbani. Mke wangu nilimpandisha nyuma ya baiskeli, mtoto mbele. Sikumwambia yale maneno niliyotunga.

Mkataji bado ameketi, anakunywa chai yangu.

Nikasimama nje ya pazia, nikasema, "Shikamoo mama. Mtoto hakatwi. Mgonjwa wa nyumba hii ni mie."

Mkataji akaweka kikombe chini. "Kisu kimeshanolewa," akasema. "Basi kaa wewe nikukate."

Nilimsikia vizuri kabisa, maana alikuwa ananitazama. Nikamwambia kishika mkono amekula, na chai amekunywa, njia ya Pugu anaijua. Akaondoka bila kinyongo. Wala simlaumu, mie ndiye niliyemwita.

Kisha mama mkwe akasema kitu nyuma ya pazia. Sikukipata, sijui niseme ndiyo au hapana.

Mke wangu akaingia ndani. Wakazungumza huko.

Pazia likavutwa pembeni, wakuu. Mama mkwe wangu, tangu nimwoe bintiye sijawahi kumwona uso wote, alitoka mpaka kizingitini, akateremsha ukaya wake chini ya kidevu, akasema:

"Nitazame, mwanangu. Nitazame mdomo. Masikio yakizibika, macho hayavunji adabu."

Nikamtazama. Amefanana na Zuhura, sikuwa najua.

Sasa niwaambieni nilichogundua siku zilizofuata, maana mie nikishika kazi naimaliza. Niligundua kwamba nyumba yangu yote inapiga kelele. Mke wangu anapiga kelele. Wanangu wakija na wake zao wanapiga kelele. Wateja wanapiga kelele. Mie nilidhani watu wa Dar es Salaam ndivyo walivyo.

Tena kuna watoto wa mtaani kwetu niliwahi kuwashitaki kwa baba yao kwamba hawana adabu, wananipita bila salamu. Baba yao akawacharaza. Kumbe wananipaga shikamoo kila siku, mie siwaitikii. Nilikwenda kwao na vikombe vitatu vipya vya bati, kimoja kila mtoto, nikamwomba baba yao radhi mbele yao. Mkubwa wao akaja mbele yangu kabisa, akapaza sauti: "SHIKAMOO!" Marahaba, mwanangu. Marahaba mara tatu.

Kiziwi sikubali kuitwa, lakini. Masikio yangu yamefanya kazi nyingi kuliko yenu, basi.

Kazi ilikuwa kwa Zuhura. Kumwambia mtoto wa miaka minne aseme taratibu ni sawa na kumwambia kuku asitembee kwa miguu. Siku ya kwanza alisahau mara kumi. Akitaka maji, "BABA!" Akiona mjusi, "BABA!" Akikumbuka anajiziba mdomo kwa mikono miwili, macho yananitazama kama amevunja chungu. Nilimwambia hujavunja kitu, mama.

Fuawe nikaliondoa barazani nikalipeleka mwisho wa uwanja, chini ya kibanda, moshi uende upande wa barabara. Nikaona tatizo limezidi. Sasa niko mbali zaidi. Akinitaka ataniita vipi?

Hapo ndipo fundi anajulikana. Nilinunua kamba ya katani. Ncha moja nikajifunga kwenye kifundo cha mguu wa kushoto, nyingine nikaifunga kwenye kizingiti anapocheza. Nikamfundisha. Vuta mara moja, njoo. Vuta mara mbili, chai tayari. Akaniuliza, karibu na uso wangu, taratibu kama tulivyopatana, "Na mara nyingi?"

Nikasema mara nyingi ni jambo kubwa, nyoka au moto.

Siku ya kwanza kamba ikavutwa mara nyingi. Nikatupa nyundo, nikakimbia nusura nianguke kwa kamba yangu mwenyewe. Nafika, ameketi na mwanasesere wake.

"Kuna nini?"

"Hakuna. Nakuvuta tu."

Wateja walinicheka. "Fundi leo kafungwa kama mbuzi!" Nikawajibu, mbuzi mwenye nyumba ya bati, haya, unataka birika la ngapi?

Juma la kwanza hakuna mabadiliko, nikaanza kuingiwa na wasiwasi. Juma la pili mke wangu akasema asubuhi sauti inatoka safi, jioni inakwaruza kidogo. Mie nilikuwa siwezi kuamua mwenyewe, ilinibidi niambiwe. Kila jioni nilimtazama mke wangu usoni nijue sauti ya mwanangu ikoje leo.

Juma la tatu tukarudi kwa dresa. Akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema tuendelee hivyohivyo tusibweteke, koo la mtoto halisahau upesi. Mie masikio yangu akayatazama pia. Akasema kilichokwenda hakirudi, lakini nitie pamba nikigonga, kilichobaki kibaki. La kulia lina nafuu, akasema, watu wakae upande huo.

Jioni hiyo Zuhura akapanda mapajani mwangu, akanishika sikio la kulia kama anavyoshika kikombe, akaweka mdomo hapo, akasema taratibu kabisa:

"Baba, ndevu zako zinanuka moshi."

Nikasikia. Neno kwa neno.

Na ile sauti, wakuu, ilikuwa ndogo. Nyembamba, ina mtetemo mwishoni. Miaka minne nakaa na binti yangu, nilikuwa sijawahi kuisikia. Niliyokuwa naijua ni ile ya kupaza. Nikamwambia rudia. Akarudia. Nikamwambia rudia tena, akaniambia, "Baba, dresa kasema nisichoshe koo."

Basi fundisho langu ni hili, nalitoa bure. Mtoto akikauka sauti, mpeleke akatazamwe, asiguswe koo kwa kisu wala mafuta ya taa. Kisha kaa chini ujiulize, huyu anampigia nani kelele? Watoto wengi nyumbani? Redio ya jirani? Mashine? Au ni wewe, baba mtu, usiyesikia na usiyetaka kuambiwa? Na mkeo akikupa mgongo jikoni, usiseme vizuri, vizuri. Nenda mbele yake umtazame.

Ukurasa unaofuata nimeuacha mtupu. Karani, utuandikie mwanao ameambiwaje huko dispensari. Na wengine mliopatwa na kama haya andikeni, hata wewe Mwalimu, nakuonaga darasani unavyopiga kelele.

Najua mtauliza imenigharimu nini mpaka sauti ikarudi, maana kuna wanaodhani nilizunguka kwa waganga wa mji mzima. Dispensari sikulipa kitu. Pamba alinipa dresa. Asali alileta mama mkwe kutoka Pugu.

Kamba ya katani, dukani, senti thelathini.